Shukrani kwa mama wa Jeevanjee

Mama uliyenikuta kwenye benchi la bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, sikukuuliza jina. Nilikuwa nimeachishwa kazi, kodi ya miezi miwili nadaiwa, na usingizi umenikimbia. Hukuanza na mahubiri. Uliniletea chai na mandazi mawili yaliyofungwa kwa gazeti, ukangoja nimalize. Ndipo ukafungua Biblia yako, jalada limeshikiliwa na selotepu, ukanisomea 1 Wafalme 19: nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. “Hata nabii alichoka, mwanangu,” ukasema, ukanipa nauli ya Kayole.

Usiku huo nililala. Asante, mama. Nanyi mkimkuta mtu ameinama pale bustanini, mtangulizieni chai.