Kwenu mnaotaka kuacha kazi mwende kufanya kazi hotelini

Kamwene, wadogo zangu.

Juzi, katika hoteli moja ya Iringa mjini, bwana wa miaka arobaini na kitu aliyeacha uhasibu kwa hiari yake alivua aproni, akaitupa kaunta mbele ya wageni, akaondoka. Kisa? Msimamizi wa vyumba, binti anayeweza kuwa mwanawe, alimwambia atandue kitanda atandike upya. "Siwezi kutumwa na mtoto!" Mimi niliyestaafu kazi hiyohiyo ya vyumba nilikuwa pale nakunywa chai, nusura inipalie.

Nikaomba nikione hicho kitanda. Binti alikuwa na haki. Upande wa mlangoni shuka limenyooka vizuri. Upande wa ukutani bwana hakukunja kona, amelisukumia tu chini ya godoro akidhani nani ataona. Ataona mgeni, saa nane usiku, shuka limechomoka na blanketi linamwasha mwilini, na baridi ya Julai mnaijua. Asubuhi atakayesemwa ni yule binti.

Tumelelewa kwamba mkubwa hatumwi, na nyumbani nawaomba tuendelee hivyo. Kazini mkubwa ni aliyetangulia kujua. Akikuita "baba" shukuru, ila usiutumie huo ubaba kukwepa ndoo na fagio. Nanyi kina mama mnaotoka ualimu, msije mkawatuma wasichana wa watu kana kwamba mko jikoni kwenu. Kama hili linakushinda, baki ulipo. Sikutukani, nakuokolea mshahara.

Mengine kwa kifupi. Kambi za watalii za hifadhi ya Ruaha hupata wageni zaidi kiangazi, Juni hadi Oktoba. Masika baadhi hufunga, kwa hiyo uliza mapema miezi hiyo utakula nini. Hoteli za mjini zinaishi kwa semina. Mbeya kuna wasafiri wa Tunduma na Kyela wanaoshuka usiku wa manane, jiandae kwa zamu za usiku. Dai mkataba wa maandishi na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Sheria inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, zikizidi unalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mtumishi wa umma, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ukaulize miezi yako ya michango, maana pensheni inataka 180. Na vile vyuo vya hoteli vya chumba kimoja juu ya duka, vinavyoahidi ajira porini ukishalipa ada, viulizeni usajili kwanza. VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, ipo.

Wenye hoteli nao wana lao. Wanalia kuhusu vijana wachelewaji na wadokozi, kisha tangazo la kazi linasema "umri 18 hadi 30". Tuliwahi kumpokea mwalimu aliyechoka na chaki. Usiku mmoja maji ya moto yalikatika, mgeni akashuka na taulo kiunoni akifoka, vijana wote wa mapokezi wakaangalia kompyuta. Mama yule akaenda jikoni, akachemsha maji, akapandisha ndoo ghorofa ya pili mwenyewe. "Pole mwanangu, oga kwanza, tutagombana baadaye." Mgeni akacheka. Utulivu ule hana kijana wa miaka ishirini, na tangazo lile lingemfungia mlango. Sisi wazazi pia tumechangia, tulivyoigeuza kazi ya hoteli kuwa jina jingine la uhuni, mpaka mtu mzima mwenye heshima zake anaomba nafasi kwa kujificha.

Mkienda kuomba, ombeni vyumba au jikoni kwanza, mapokezi yatakuja. Na nunueni viatu vya kufunika vidole, soli ya mpira. Vigae vya bafuni vikiwa na sabuni havijali umri, na nyonga za miaka hii zinachelewa kupona.