Korona Uingereza: waliokufa wetu hawakuhesabiwa wote

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kuhusu Korona kwamba yaliyopita si ndwele. Kwetu Waafrika tunaoishi Uingereza bado ni ndwele.

Mei 2020 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilitoa hesabu za England na Wales. Kwa watu wa umri sawa, wanaume weusi walikuwa katika hatari ya kufa mara 4.2 ya wazungu, na wanawake mara 4.3. Zilipoingizwa tofauti za kipato, makazi na afya, pengo lilipungua lakini halikwisha: mara 1.9. Hiyo 1.9 nani ameieleza?

Na hesabu yenyewe ilikuwa na tundu. Usajili wa vifo haukuandika asili ya marehemu, kwa hiyo wataalamu walirudi kwenye sensa ya 2011. Aliyehamia baada ya sensa hiyo hakuwemo. Wangapi kati ya ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki na Congo walifika baada ya hapo, wakaajiriwa katika nyumba za kutunzia wazee, wakafa? Wamezikwa, lakini kwenye lile jedwali hawamo. Hili linaniuma kuliko yote.

Tuliambiwa sababu ni kisukari na upungufu wa vitamini D. Kisukari hakipangi nani aingie wodi ya Korona bila barakoa ya maana, wala nani aogope kulalamika kwa kuwa viza yake iko mkononi mwa mwajiri. Hata kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni huweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Kamati huru ya Profesa Margaret Whitehead, iliyochunguza usawa katika vifaa vya tiba, ilithibitisha hatari hiyo Machi 2024.

Uchunguzi wa umma kuhusu Korona unaoongozwa na Jaji mstaafu Heather Hallett haukushuka kama mvua. Ulidaiwa na familia za wafiwa, na Operation Black Vote, shirika linalotetea sauti ya watu weusi katika siasa za Uingereza, ilidai mapema, Mei 2020, suala la rangi lichunguzwe kwa uhuru. Sheria ya Uchunguzi wa Umma ya 2005 inampa mwenyekiti nguvu ya kuwaita mashahidi kwa lazima na kudai nyaraka. Nguvu hiyo itumike kuuliza nani alionywa kuhusu wafanyakazi weusi, lini, na alifanya nini. Wazazi wa Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi London 1993, hawakunyamaza mpaka tume ya uchunguzi ya Jaji Macpherson ilipotamka mwaka 1999 kwamba polisi wa jiji hilo walikuwa na ubaguzi wa kitaasisi.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vyetu, misikiti na makanisa huku Uingereza: andikeni orodha ya wafu wetu kwa ridhaa ya familia, pamoja na kazi walizofanya na mwaka waliofika, kisha mzifikishe kwa wabunge wenu. Wabunge waulizwe kwa maandishi serikali itatekeleza lini mapendekezo yoyote ya uchunguzi huo yanayohusu ubaguzi, na majibu yao yasomwe hadharani.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza