Si kila aliyehukumiwa kifo alinyongwa

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe neno moja katika kurasa za historia. Kila mfalme au malkia wa Ulaya aliyeuawa kwa hukumu, magazeti yetu huandika "alinyongwa". Huku mkoani Lindi kunyongwa tunakujua: Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Wajerumani, alinyongwa na Wajerumani Kilwa mwaka 1895, na Mwembe Kinyonga wa Kilwa Kivinje unatajwa hadi leo. Kunyonga ni kamba. Anne Boleyn, malkia wa Uingereza, hakuvishwa kamba.

Katika Ulaya ya karne ya 16 na 17, chombo kilifuata cheo: mwizi kitanzi, mkubwa kukatwa kichwa. Anne aliuawa kwa upanga katika ngome ya Tower of London, tarehe 19 Mei 1536, na mwenye upanga aliletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Upanga hauhitaji gogo la kulazia shingo. Mhukumiwa hupiga magoti, kiwiliwili wima, nao hupita kwa ubavu. Akitikisika tu, umekosa shingo.

Shoka ndilo lililoleta balaa. Ni zito, hushuka kutoka juu, na likipotoka kidogo huangukia kisogo. Ndivyo ilivyotokea kwa Mary, Malkia wa Scotland, huko Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587. Pigo la kwanza lilitua kisogoni. La pili lilikata shingo, ukabaki mshipa mmoja uliobidi kukerezwa kwa shoka lilelile. Mkataji alipokiinua kichwa alibaki na wigi mkononi, kichwa kikaanguka. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth, mwasi wa Uingereza, alipapasa makali ya shoka akahofia ni butu, na hofu ilikuwa ya haki: mkataji Jack Ketch, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kitanzi, alipiga mara kadhaa kisha akamalizia kwa kisu. Charles I, mfalme wa Uingereza, tarehe 30 Januari 1649, alikwenda kwa pigo moja. Alikuwa amevaa mashati mawili, asije akatetemeka kwa baridi watu wakadhani ni woga.

Hata waliochomwa hawalingani. William Tyndale, mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza, 1536, alinyongwa kwanza nguzoni ndipo mwili ukatiwa moto. Giordano Bruno, mwanafalsafa wa Italia, alichomwa hai Roma, 1600.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika kwamba Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, "alinyongwa". Zamani Ufaransa nayo ilimpa mnyonge kamba na mkubwa upanga. Sheria ya 1791 ikataka kila anayehukumiwa kifo akatwe kichwa. Sanson, mkataji wa Paris, alionya kwamba upanga hupoteza makali kila unapotumika. Ndipo Tobias Schmidt, fundi wa vinanda, akaunda gilotini, mashine ya kukatia vichwa. Kisu chake cha mshazari hupasua badala ya kuponda. Wa kwanza, tarehe 25 Aprili 1792, alikuwa mnyang'anyi Pelletier. Tarehe 21 Januari 1793 mfalme akalazwa chini ya kisu cha namna ileile.

Basi andikeni "alikatwa kichwa" au "alichomwa", na "alinyongwa" pale palipokuwa na kamba tu.

Msomaji wenu,
Lindi