Moki isiyohakiki inatuachia testi za kijani tu

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaoandika programu kwa lugha ya Ruby, hasa wanaotengeneza mifumo ya malipo, maana hili jambo linanikera kweli.

Ukipima kipande kinachopokea hela ya mteja huwezi kutuma SMS za kweli kila testi inaporushwa, kwa hiyo unaweka moki, yaani kitu bandia, mahali pake, hapo tuko pamoja. Shida ni pale mtu anapoandika allow(sms).to receive(:tuma) kwenye RSpec, chombo cha kuandikia testi za Ruby, akidhani ameshahakikisha SMS inaenda. Jamani, allow inaruhusu tu, methodi (amri ya programu, hapa tuma) ikiitwa ni sawa, isipoitwa pia ni sawa, testi inabaki kijani, yaani imefaulu, na mteja kule dukani kashika simu hajui hela imefika au la. Unayetaka uhakika andika expect(sms).to receive(:tuma).with(namba, 5000) kabla hujaita malipo. Hiyo inadai iitwe mara moja tu, kwa namba hiyo na kiasi hicho, ikiitwa mara mbili inafeli na mimi nataka ifeli, maana leo SMS mbili kesho makato mawili.

Watu wa Minitest, chombo kingine cha testi za Ruby, nao, unaandika vizuri kabisa moki.expect(:tuma, true, [namba, 5000]) halafu moki.verify mwishoni haipo. RSpec inajikagua yenyewe testi ikiisha, Minitest mpaka uiambie, usipoiambia hakuna anayeuliza kama methodi iliitwa. Nikipewa kazi ya mtu niipitie, huo mstari ndo natafuta kwanza.

Halafu kuna hii double ya kawaida, kitu bandia cha RSpec kisichofuata klasi halisi (pale methodi zilipoandikwa). Mtu akibadilisha tuma ikawa tuma_ujumbe, double haina habari, inaendelea kupokea tuma ambayo kwenye klasi haipo tena! instance_double, ile inayofuata klasi halisi, ipo tangu RSpec 3 ya mwaka 2014, klasi ikishapakiwa inagoma papo hapo kama methodi haipo au agumenti hazilingani. Sasa kwa nini bado tunaikwepa?

Sisemi mhakiki kila kimethodi cha ndani, hapana, mkifanya hivyo hata kupanga upya programu kutawashinda, kila ukigusa kitu testi kumi zinaanguka bila kosa lolote. Hakikini zinazotoka nje, SMS, makato, taarifa kwenda benki, hizo nyingine angalieni jibu linalorudi inatosha. Na nyie wakuu wa timu, kazi ya malipo yenye allow peke yake msiipitishe.

Msomaji wako,
Mbezi, Dar es Salaam