Usimpe fundi aifomati kwanza

Shoga yangu,

Habari za huko, na wanao hawajambo? Meseji zako za Windows 11 kukwama kudaunlodi nimezisoma zote na zile picha za kioo cha laptopu nimezikuza nikaziangalia moja moja. Nimeona nikikujibu kwa vimeseji vifupi vifupi utachanganyikiwa, bora nikuandikie yote kwa pamoja, we soma taratibu ukiwa na laptopu mbele yako.

Kwanza lile swali lako la mwisho, kama umpelekee fundi aipige Windows upya. Hapana. Usimpelekee. Simdharau, lakini akipiga upya kwa njia alokwambia anafuta diski nzima, na we mwenyewe umenambia humo ndo kuna maazimio ya kazi, maandalio ya somo, matokeo ya wanafunzi ya miaka yote na picha za marehemu mama. Na kwa sababu gani hasa? Windows 10 yako inawaka vizuri, Word inafunguka, printa inakubali. Kilichokwama ni upakuaji wa Windows 11 tu, hilo faili kubwa halijafika lote basi. Hakuna sababu ya kubomoa nyumba ilhali mzigo ndo umechelewa barabarani.

Halafu kuna habari njema naona hujaiona. Ile sehemu ya Windows Update imekuonesha yenyewe kwamba Windows 11 ipo tayari na kitufe cha kudaunlodi kikatokea. Hicho hakitokei kwa kila mashine, maana Windows 11 inataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kuanzia GB 4, diski kuanzia GB 64, ile chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, Secure Boot yaani ulinzi wa wakati mashine inawaka, na prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba zinaishia hapo hapo kwenye prosesa. Yako imepita. Kwa hiyo ukiambiwa laptopu yako imezeeka haiwezi, usiumie roho.

Na usikimbizwe na tarehe. Ni kweli Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, lakini haikuzimika siku hiyo wala haitazimika, na kuna mpango wa kujiandikisha wa apdeti za ziada kwa watu binafsi unaofika Oktoba 2026. Nataka uhamie 11, sitaki ukae bila ulinzi na vile unaingizia humo humo maksi na hela zako za kikoba, ila uhamie kwa utulivu.

Sasa kabla hujagusa kitu chochote, chukua flashi au ile hard disk ya nje, kopi Documents, Desktop na Pictures zote. Zote. Halafu ichomoe uiweke kabatini. Kuanzia hapo hata kitu kikiharibika hatulii.

Ukishamaliza tuangalie kama imekwama kweli, maana ile asilimia inadanganya sana. Inaweza kukaa kwenye namba moja muda mrefu huku ndani inakagua vipande vilivyofika au inavifungua, diski inafanya kazi we unaona namba tu haisogei. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Performance, angalia mstari wa Disk na wa Wi-Fi. Ukiona mojawapo unacheza cheza bila we kufungua kitu kingine, iache, iweke kwenye chaji uende ukapike. Ukiona vyote vimelala kimya kabisa na umeshaipa masaa ya kutosha, hapo tuseme imekwama.

Mi nahisi najua imekwamia wapi. Ulisema ulianza kudaunlodi shuleni kwenye waifai ya ofisi, ikafika pale ilipofika, ukafunga laptopu ukaenda nayo nyumbani ukaunganisha na hotspoti ya simu. Na kwenye picha yako ya tatu naona hotspoti ya simu yako umeiwekea Metered connection, ambayo ni nzuri sana kulinda bando siku za kawaida, ila maana yake umeiambia Windows hii intaneti ni ya kupimiwa usipakue vitu vikubwa, nayo inatii, inasubiri. Nenda Settings, Network & Internet, fungua properties za hiyo hotspoti uizime hiyo Metered connection, halafu kwenye Update & Security ingia Windows Update, Advanced options, uone kama pale palipoandikwa kuhusu kudaunlodi kwenye metered connections pamefungwa. Ukishafungua jua kabisa kwamba sasa bando litaliwa bila huruma, hilo faili ni la GB kadhaa, kwa hiyo usifungue mpaka uwe na bando la kutosha au uwe umerudi kwenye waifai ya shule. Na hapo hapo jirani kuna Delivery Optimization, zima kile cha kuruhusu kudaunlodi kutoka kompyuta zingine, kisije kikatuma na vipande vyako kwa wengine kwa bando lako.

Jambo jingine laptopu isilale. Ukifunga mfuniko inalala, ikilala upakuaji unasimama. Kwenye Power & sleep weka Never upande wa chaji na mfuniko uuache wazi mpaka kazi iishe. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea katikati usiogope, kile kinachopakua kwa nyuma kimetengenezwa kwa ajili ya mitandao ya kukatika katika, kinakumbuka kilipofika kikiendelea kinaendelea pale pale. Ila nacho kina upole wake, kinatumia ule mtandao uliobaki, yaani ukiwa unaangalia video kwenye hiyo hiyo laptopu chenyewe kinakupisha. Kwa hiyo usiku ndo wakati wake.

Angalia na saa. Usicheke, angalia tarehe na mwaka pale pembeni chini. Laptopu za mtumba ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa huwa imekufa, ukizima kabisa chaji ikiisha inarudi kwenye mwaka wa zamani, na tarehe ikiwa siyo basi vyeti vya usalama vya mtandaoni vinakataliwa, apdeti haipakuliki na haikwambii kwa nini, inakupa namba za ajabu tu. Rekebisha, weka Set time automatically.

Na nafasi. Drive C ina GB ngapi wazi? Kwenye picha naona kamstari kekundu, hako ni kabaya. Faili lenyewe likishafika linafunguliwa, na Windows ya zamani inawekwa pembeni haifutwi, vyote vinataka pa kukaa. Mi nisingeanza bila GB 30 wazi. Hamisha zile video za sherehe ziende kwenye hard disk ya nje, halafu andika Disk Cleanup kwenye Start, ingia Clean up system files ufute takataka. Angalia tu, ukiikuta Downloads kwenye orodha hiyo usiiwekee tiki kama una vitu vyako humo.

Ristati, kwa maana ya Restart kabisa na sio kuzima na kuwasha, halafu bonyeza upya kile kitufe cha kudaunlodi uone. Zikigoma zote hizo, ndo tunaingia kwenye dawa yenyewe. Vile vipande vilivyopakuliwa vinakaa kwenye folda inaitwa SoftwareDistribution, na kipande kimoja kikiharibika humo Windows inaweza ikakizungukia tu bila kusogea. Tunaiweka pembeni hiyo folda, Windows inatengeneza nyingine mpya yenyewe. Utapoteza ulichokwisha kudaunlodi, ndo maana nimeiweka hapa mwishoni na sio mwanzoni kama wanavyofanya wengi, bando linauma. Andika cmd kwenye Start, bonyeza kulia uchague Run as administrator, halafu andika mistari hii mmoja mmoja, kila mmoja ukiisha unabonyeza Enter unasubiri:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.zamani
net start bits
net start wuauserv

Ule wa tatu ukikataa ukasema Access is denied ni kwamba ile huduma imejiwasha tena nyuma yako, rudia miwili ya juu halafu uandike wa tatu fasta. Orodha ya apdeti za zamani utaikuta tupu, ni sawa, hakuna kilichoharibika. Kabla hujafunga hilo dirisha jeusi andika na sfc /scannow, hiyo inakagua mafaili ya Windows yenyewe na haili bando, iache ifike mia. Ikisema imekuta vilivyoharibika ikashindwa kuvitengeneza, basi andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, hii ya pili inaweza kuvuta kutoka intaneti kwa hiyo uwe na mtandao.

Ila shoga, nikuambie ukweli wangu, kwa mtandao wa huko kwenu mi ningeachana na Windows Update kabisa. Mwambie mdogo wako wa chuoni, kule intaneti yao inakimbia, aingie kwenye ukurasa wa Microsoft wa kudaunlodi Windows 11, achukue ile ISO, faili moja lenye Windows 11 nzima, la GB kama 5 mpaka 7 hivi kutegemea na toleo. Ile linki ikishatokea inaishi masaa 24 tu kwa hiyo asiitengeneze leo akapakua kesho kutwa. Achukue kwenye ukurasa huo huo wa Microsoft, asikubali kukopi za kwenye flashi za watu maana hujui mtu kaweka nini humo ndani.

Hapa kuna mitego miwili, na yote inawatesa watu. Wa kwanza flashi. Flashi nyingi zinakuja zikiwa FAT32, ndo mpangilio wa kuhifadhi mafaili ndani yake, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4 hata kama flashi ni ya GB 64, itamwambia faili ni kubwa mno, atadhani flashi mbovu. Aifomati iwe exFAT au NTFS, akiwa ametoa vitu vyake kwanza. Wa pili lugha. Hapo kuna English United States na English International, ukichukua tofauti na iliyomo kwenye mashine yako ile chaguo ya kubaki na programu zako inazimwa. Kwenye lile dirisha jeusi andika dism /online /get-intl usome mstari wa Default system UI language, ikiwa en-US achukue United States, ikiwa en-GB achukue International. Nitumie picha ya huo mstari nikuhakikishie.

Faili likifika lihamishie kwenye Desktop, bonyeza mara mbili linafunguka kama CD, bonyeza setup.exe. Itauliza kuhusu kudaunlodi apdeti, gusa Change how Setup downloads updates uchague Not right now, usije ukarudi kwenye foleni ile ile ya mtandao. Kisha ile ya muhimu kuliko zote, Keep personal files and apps. Ukiona maneno Nothing yamechaguliwa usiendelee, funga. Itaristati mara kadhaa yenyewe, chaja iwe kwenye ukuta na usiizime hata kioo kikiwa cheusi.

Ikishaingia, Windows ya zamani inabaki kwenye folda ya Windows.old na una siku 10 za kurudi kama printa au ule mfumo wa maksi wa shule utakataa. Usiifute kupata nafasi kabla hujaprinti kitu na kuingiza maksi za darasa moja ukaona inakubali.

Fundi mwambie tu umeshapata msaada, mpe pole kwa usumbufu. Anza na kukopi vitu vyako leo, halafu nitumie picha ya Task Manager pamoja na ile ya drive C, na siku ya kubonyeza Install nipigie kabla, jioni nipo nyumbani, nitakaa na wewe kwenye simu mpaka iwake. Mama mkwe msalimie sana.

Wako,
shoga yako wa Tanga