Shukrani kwa mzee wa meza ya jirani, Zemun, Belgrade, Serbia

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo. Mimi ni yule kijana wa Tanga aliyeingia peke yake, jioni ya mvua, kwenye kile kimgahawa karibu na mto Danube. Baba anachoma nyama, mama yuko jikoni, binti anahudumia meza zote. Menyu nzima kwa herufi za Kikirili, zile kama za Warusi. Nikabaki kuikodolea macho.

Neno nililolijua ni moja tu, ćevapi, vile vijiti vya nyama ya kusaga vinavyochomwa, nikataka kuagiza hizo. Ukanigusa bega, ukaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga kama nakula nguruwe. Nikatikisa kichwa. Ukamwita binti, mkateta, kisha ukanifundisha neno "posno": chakula cha mfungo wao wa Kiorthodoksi, kisicho na nyama wala maziwa. Ikaja prebranac, maharage yaliyookwa kwenye chungu kwa vitunguu vingi, juu yamefanya ukoko. Na ajvar, pilipili hoho nyekundu zilizochomwa zikasagwa. Na proja, mkate wa mahindi, ambao mama yangu angeuita ugali uliopotea njia.

Mwenye mgahawa alipotuletea rakija, pombe yao kali, ya plamu, ukaivuta glasi yangu upande wako kabla sijapata la kusema, ukanywa zote mbili.

Nilipoomba bili nikaambiwa umeshalipa, na umeshaondoka. Ahsante sana, mzee wangu. Kofia yako uliisahau kitini; binti amekuwekea kaunta.