Kaka, msomee Baba hii barua mpaka mwisho

Kaka, shikamoo.

Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Huku sisi wazima. Baridi imekaza ila makoti yapo, na kazi inaendelea.

Ujumbe wako nimeupata, na zile sauti za kikao cha familia wifi alinirushia. Nilizisikiliza ndani ya gari nje ya hospitali, nikafika nyumbani nikazirudia. Ngiri ya Baba imenitia wasiwasi, lakini maneno ya Baba mdogo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Eti natuma hela za kubana kwa sababu kazi yenyewe ni kuwalaza Wazungu, hata udaktari sijaufikia. Na watu mkacheka! Shangazi wa Kibaigwa nimemsikia kabisa, yeye ambaye ada za wanawe anajua zinatoka wapi.

Baba mdogo namheshimu, ni baba yangu. Ila hili nalijibu, na naomba ulisome yeye akiwepo.

Mimi ni muuguzi wa usingizi. Nimesoma uuguzi, nikauguza mahututi, ndipo nikapokelewa kwenye masomo ya usingizi, miaka mitatu, mwisho wake shahada ya uzamivu. Halafu ukaja mtihani wa taifa, nikaufaulu. Hospitali yetu ni ya mji mdogo, mahindi pande zote kama Kibaigwa wakati wa mavuno. Usiku wa manane mama akishindwa kujifungua, anayepigiwa simu aje kutoa usingizi ni mimi. Baba mdogo aliuliza niko chini ya daktari gani. Mwambie jimbo hili la Iowa, mwaka 2001, lilikuwa la kwanza Marekani kujitoa kwenye sharti la Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kwamba muuguzi wa usingizi lazima asimamiwe na daktari. Daktari wa upasuaji anapasua na kushona. Pumzi, presha na mapigo ya moyo ni juu yangu, tangu mgonjwa anafumba macho mpaka anaponitajia jina lake tena.

Hiyo kulaza anayoisema, ukishamchoma mtu propofoli, dawa ya usingizi, mara nyingi anaacha kupumua mwenyewe. Kuanzia hapo unampumulia wewe. Nafanya kazi hii kwa moyo wangu wote, na sikubali iitwe ya kulaza watu.

Sasa Baba. Nimesikia amekataa operesheni kwa sababu ameambiwa sindano ya mgongo inavunja kiuno na hatashika jembe tena. Kaka, hiyo sindano naichoma mwenyewe. Mgonjwa anakaa kitandani, anainamisha kichwa, anautoa mgongo nje. Naweka vidole juu ya mifupa ya nyonga, pande zote mbili, nateremka kutafuta nafasi kati ya pingili. Kwa mtu mzima uti wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu ndani ya mgongo, unaishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sisi tunaingia chini ya hapo. Sindano ni nyembamba sana. Yakidondoka maji maangavu najua nimefika, nasukuma dawa taratibu. Mgonjwa anasema miguu inapata joto, kisha inakuwa mizito, kisha haipo. Presha inaweza kushuka, ndiyo maana dawa ya kuipandisha naiweka tayari mkononi. Baada ya saa chache miguu inarudi. Wapo wanaoumwa kichwa siku zinazofuata, na hilo lina tiba. Pale wanapochoma pakauma siku mbili tatu si kuvunjika kiuno.

Na kwa kifua cha Baba, baada ya tumbaku ya miaka yote ile, mimi ningechagua sindano ya mgongo kabla ya nusu kaputi, maana anabaki akipumua mwenyewe. Lakini atakayeamua ni yule atakayempima. Msimdharau akiwa si daktari. Hata huko, ukitoka kwenye hospitali kubwa, wengi wanaotoa usingizi ni wauguzi na matabibu. Huyo ni mwenzangu, mjibuni kila anachouliza: dawa za presha anazomeza Baba, na zile za mizizi za Babu wa Mvumi pia, msizifiche. Asubuhi ya operesheni asipewe uji wa uwele, hata akilalamika njaa. Chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Mama atamhurumia, namjua, kwa hiyo wewe ulale hapohapo.

Natamani ningekuwepo nimshike mkono. Mlenda mkavu wa Mama umebaki kiganja kimoja, nauogopa kuumaliza. Zabibu za Hombolo naziota. Treni ya umeme mnaipanda tangu 2024, mimi naiona kwenye simu tu. Mwambie Mama siku nikija nitashuka stesheni ya Dodoma na sare yangu ya kazini begani, anione nilivyo.

Hela ya operesheni nimeituma kwa namba ya wifi, ya wodi na dawa imo humo. Ya bati za Baba mdogo sijatuma. Akizihitaji, namba yangu anayo, apige mwenyewe, tuongee kama baba na mwana.

Na kile kiwanja cha Nala, kwenye sauti ya mwisho nimesikia kuna mnunuzi. Hakuna kuuza kiwanja mwenyewe akiwa mgonjwa. Karatasi zichukue leo kwa Baba mdogo, uziweke kwenye sanduku la Mama. Baba akishatoka wodini tutakaa kikao kingine, na safari hii mnipigie simu niwepo.

Mdogo wako wa Iowa.